Kitufe Chenye Neno Moja

4 Machi

Mwalimu ametuagiza kila mmoja awe na daftari na aandike hadi muhula uishe. "Andikeni mlichokiona," alisema. "Mlichotaka kukiona kiacheni nyumbani." Kwa hiyo naandika.

Mimi ni mwandika vibao. Kwa miaka kumi na tisa nimeandika kwa brashi majina ya maduka, saluni, zahanati na shule. Tangu zije mashine za kuchapa mabango, kazi iliyobaki ni kuzirudishia rangi herufi zilizobanduka. Mke wangu ndiye aliyeona tangazo la mafunzo haya: miezi mitatu, kusanifu skrini za simu na za mashine za kubonyeza ziwe rahisi kwa anayezitumia. Alisema kazi ni ileile, ukuta tu ndio umepungua. Tuko kumi na wawili darasani. Mimi ndiye mkubwa kuliko wote ukimtoa mwalimu, na hata kwake sina hakika.

Mvua bado. Joto.

6 Machi

Mwalimu ni mama mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Zamani alikuwa fundi simu. Anasema nusu ya simu alizoletewa kwamba zimekufa zilikuwa nzima.

"Naiwasha mbele ya mwenyewe. Anaona haya, anaomba radhi, anaondoka. Miaka mingi niliwaona wajinga. Halafu nikaanza kuwauliza walibonyeza nini."

Hakutuambia walimjibu nini. Ni mtu wa kukata hadithi katikati.

11 Machi

Tumepewa kazi ya muhula. Kliniki ya macho iliyo nyuma ya chuo inataka programu ya miadi: mgonjwa aone tarehe yake, akumbushwe matone, na akijua hatafika aghairi ili nafasi apewe mwingine. Tumepangwa wawili wawili. Mwenzangu ni binti wa miaka ishirini na miwili ambaye kila anachochora ni cha kijivu. Herufi za kijivu juu ya kijivu kingine, na mistari ya kijivu katikati. Darasa zima linamwita Kijivu na yeye anaitika. Mkono anao, sibishi. Lakini naona anachora ili asifiwe. Wagonjwa wa macho watasoma nini pale?

Mama mkwe wangu anatibiwa kliniki hiyohiyo. Ana presha ya macho. Anakaa nasi tangu mwaka juzi.

12 Machi

Mvua imeanza. Paa la darasa linavuja juu ya meza ya wenzetu wawili. Wamehamia kwetu.

19 Machi

Jaribio la kwanza. Kanuni ni hii: unampa mtu simu, unamwambia afanye jambo moja, kisha unakaa kimya. Humsaidii, hukohoi, humwelekezi kwa macho. Nilimwomba mama mkwe.

Hapo ndipo shida yangu ilipo. Huyu ni mkwe. Akiingia sebuleni nasimama. Akitaka maji nayaleta kabla hajamaliza kuyataja. Leo nilikunja mikono nikamtazama akihangaika dakika saba kutafuta tarehe yake kwenye skrini ya Kijivu. Alishona sare za shule miaka thelathini. Ni mtu aliyezoea kutafuta kitu kidogo. Aliileta simu karibu na pua, akaipeleka mbali, akaielekeza dirishani.

"Mwanangu, hapa pameandikwa kitu au ni vumbi?"

Nilikaa kimya.

"Haya. Na mkwe wangu naye leo kanuna."

Mke wangu alikuwa mlangoni. Aliniangalia vile ambavyo sijaangaliwa tangu siku ya posa.

20 Machi

Nimemweleza Kijivu habari ya vumbi. Alicheka, kisha akaliandika neno hilo kwenye daftari lake. Sikujua ni dharau au ni bidii.

26 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Tumechora kwa penseli.

2 Aprili

Leo nimeshinda. Nimemweleza Kijivu kwamba kibao kinachosomeka kutoka ng'ambo ya barabara hakina maneno zaidi ya matatu, na herufi zake ni nene, nyeusi juu ya njano. Mwalimu aliafiki herufi nene. Nikachukua kompyuta nikazikuza zote.

Ubaya wa simu ni wembamba wake. Ukikuza herufi, maneno hayaenei. Ikabidi nikate. Skrini ya kughairi ilikuwa na vitufe viwili: "Ndiyo, ghairi miadi yangu" na "Hapana, bakiza miadi yangu". Nimeweka "Ghairi" na "Sawa". Juu yake swali: "Ghairi miadi?" Imekaa vizuri sana. Ungeipachika ukutani.

Kijivu aliandika maoni pembeni mwa mchoro, kwa vile viherufi vyake. Sikuyasoma. Nilimwambia nimekuwa nikiandika vibao kabla hajazaliwa. Hesabu haikubali: nilipoanza, yeye alikuwa na miaka mitatu.

9 Aprili

Mama mkwe ameiona tarehe yake kwa sekunde kumi na moja. Aliisoma kwa sauti kama anayesoma barua ya mtu mkubwa: "Tarehe ishirini na tisa, saa mbili asubuhi, upasuaji, jicho la kushoto."

Mwalimu alisema vizuri, akauliza kama nimezijaribu skrini zote. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimejaribu tatu kati ya tano.

14 Aprili

Kliniki imeanza kuitumia kwa wagonjwa sitini. Mama mkwe ni mmoja wao. Karani wa mapokezi, mwanamke wa sauti ya chini, alisema simu za kuulizia tarehe zimepungua tangu asubuhi. Nilitembea hadi nyumbani bila mwavuli.

17 Aprili

Kijivu hajafika. Anaumwa mafua.

22 Aprili

Mvua siku nzima. Hakuna la kuandika.

29 Aprili

Tulifika kliniki saa moja na nusu, mimi, mke wangu na mama mkwe. Alikuwa hajala tangu jana kama alivyoagizwa, na amevaa gauni lake la mikono mipana ili wampime presha bila taabu. Karani alitafuta jina kwenye kompyuta, akalitafuta tena kwenye karatasi.

"Mama, jina lako halipo kwenye orodha ya leo."

"Lipo," nikasema mimi. "Nimeliona mwenyewe kwenye simu."

"Lilikuwepo. Miadi imeghairiwa tarehe ishirini na mbili, saa nne asubuhi. Imeghairiwa kutoka kwenye simu yake. Nafasi alishapewa mwingine."

"Nani kaghairi?" mama mkwe akauliza. "Mimi nimekaa na njaa hapa."

Karani aliigeuza kompyuta tuone. Ilikuwa hivyohivyo. Nilipandisha sauti, jambo ambalo si kawaida yangu, nikasema kompyuta yao mbovu. Yule dada hakunijibu kwa sauti kubwa. Alisema tu kwamba programu tulileta sisi.

Nafasi iliyo karibu ni tarehe tatu Juni. Daktari alimpima presha ya jicho hata hivyo, kwenye chumba chenye kiti kimoja, sisi wawili tumesimama. Ilikuwa imepanda. Aliongeza aina ya pili ya matone. Mke wangu, ambaye anauza dawa na anajua kuuliza, alimuuliza wiki tano ni nyingi kiasi gani.

"Kwa jicho la kulia si kitu," daktari alisema. "Kwa la kushoto, sipendi. Ikipanda tena nitampenyeza katikati ya orodha. Ila kitakachopotea kabla ya hapo hakirudi."

Njiani mama mkwe alikula ndizi mbili na kusema hospitali ni hospitali, daima kuna kurudi rudi. Mimi nilikuwa namfikiria Kijivu na vistari vyake. Nilikuwa na hakika kuna mahali ameacha kitu cha kijivu ambacho mama hakukiona.

30 Aprili

Mvua.

2 Mei

Nimemwambia Kijivu mbele ya darasa kwamba urembo wake umemharibia mtu jicho. Alizikusanya kalamu zake moja moja na kuzitia kwenye mkoba.

Mwalimu aliniita nje, chini ya ukingo wa paa. "Fundi, ulimwona huyo mama akibonyeza?"

"Sikumwona. Lakini najua."

"Basi hujui. Nenda ukamtazame."

3 Mei

Leo naandika kirefu.

Mke wangu alikuwa dukani, watoto shuleni. Nilimwomba mama mkwe anionyeshe alichofanya na simu siku ile. Alikuwa anachambua mchele. Alifuta mikono, akaichukua simu, akaniambia nikae karibu. Kwa ajili ya jaribio nilikuwa nimemwekea miadi ya uongo.

"Siku ile nilitaka kuhakikisha ni saa mbili au saa tatu," alisema. "Nikafungua hapa. Tarehe hii. Saa mbili. Nikaridhika. Nilipotaka kutoka, kidole kikagusa hapa chini."

Akagusa. Ikatokea skrini yangu. Njano, nyeusi, herufi nene: "Ghairi miadi?" Chini yake "Ghairi" na "Sawa".

"Unaona? Ikaniuliza kama nataka kughairi. Mimi sitaki. Nikafikiri: nikisema sawa, nitakuwa nimekubali. Si ndiyo? Mtu akikuuliza 'nikunyang'anye?' ukasema sawa, umempa ruhusa."

Nilikaa kimya. Safari hii si kwa sababu ya kanuni.

"Sasa hapa pembeni pana 'Ghairi'. Nikasema hiki ndicho cha kuliondoa swali lenyewe. Nikabonyeza." Akabonyeza. Skrini ikarudi mwanzo, bila neno lolote la kusema kilichotokea. "Ikaniacha. Nikajua mambo yameisha salama. Nilighairi kughairi."

Aliniangalia, akisubiri nimwambie alipokosea. Alikuwa amesoma kila herufi. Hakuna hata moja iliyompita. Zilikuwa kubwa na zenye kung'aa, na alizisoma zote kwa utulivu akafikiri vizuri kuliko mimi niliyeziandika.

"Nimekosea wapi, mwanangu?"

"Hujakosea, Mama."

"Basi mbona waliniondoa?"

Nilimwambia nitaulizia. Nilitoka nikasimama uani kwenye manyunyu hadi shati likalowa mabegani. Nilitaka kukumbuka kama kulikuwa na mtu mwingine aliyeligusa lile neno. Hakuna.

4 Mei

Sikutoka.

5 Mei

Nimewahi darasani kabla ya wengine, nikafungua mchoro wa tarehe mbili Aprili na kusoma maoni ya Kijivu. Ameandika: "Ghairi ipi? Miadi au swali? Bibi yangu angebonyeza hii akidhani anatoka. Naomba tusikate maneno, tupange vitufe juu na chini badala ya ubavuni, herufi zitaenea bila kupunguzwa."

Vitufe juu na chini. Herufi zangu zingeenea zote.

Alipoingia nilimwambia, mbele ya wale wale waliosikia siku ile: lile neno ni langu, maoni yake sikuyasoma, na nilichosema juu yake ni uongo. Alisikiliza huku akivua koti la mvua.

"Mimi nilikuwa nimeyakuza maoni," alisema. "Nikaona ukisoma utaona nashindana nawe, nikayapunguza tena. Ningesema kwa mdomo."

"Nisingesikia."

"Najua. Lakini ningekuwa nimesema."

Tulikaa tukafanya kazi hadi saa kumi.

6 Mei

Nimewaambia nyumbani baada ya chakula cha mchana. Nilisema kwa mpangilio, kama mtu anayetoa taarifa: niliandika neno, lilikuwa na maana mbili, nilionywa, sikujaribu skrini hiyo, nikamwambia mwalimu nimejaribu.

Mke wangu alisimama akaanza kukusanya sahani. "Ningesamehe neno," alisema. "Hilo la kusema umejaribu ndilo linalonikaa hapa." Akagusa shingo.

Mama mkwe alikuwa ameegemea kiti, kichwa amekiinamisha kidogo kushoto, kama anavyofanya siku hizi ili jicho zima lifanye kazi.

"Kuna wengine?" aliuliza.

Sikuelewa.

"Sitini ulisema. Mimi peke yangu ndiye niliyefikiri hivyo?"

8 Mei

Wako tisa.

Karani wa mapokezi aliniruhusu kukaa kwenye meza yake ya pembeni. Tulifungua kumbukumbu za wote walioghairi tangu tarehe kumi na nne. Kumi na wawili. Watatu kati yao walighairi kweli na wakaomba tarehe nyingine. Waliobaki ni tisa, mama mkwe akiwa wa kwanza kwenye orodha. Nilimwomba dada radhi kwa maneno ya siku ile. Alisema kwenye meza ile amezoea kufokewa, ila ni mara yake ya kwanza kuombwa radhi. Tayari alikuwa ameizima skrini ya kughairi kwa kila mtu.

Nilipiga simu nane. Saba waliopokea walikuwa na sauti tofauti na neno moja.

"Samahani, nilibonyeza vibaya."

"Samahani baba, mimi na simu hatuelewani."

"Nisamehe, macho haya."

Kila mmoja nilimwambia kosa ni langu. Mmoja alinishukuru kwa kumfariji, na nilisikia wazi kwamba hakuniamini. Sasa nadhani najua wale wateja walimjibu nini mwalimu.

Saba wamepata tarehe mpya. Wa nane hapokei.

9 Mei

Hapokei.

13 Mei

Nilikwenda nyumbani kwa yule wa nane. Karani alinipa anwani baada ya kumuuliza daktari. Ni dereva mstaafu wa malori, anakaa chumba cha nyuma katika nyumba ya dada yake. Njia yote ni tope; nilivua viatu nikavibeba. Nilimkuta amekaa kitandani na redio. Simu yake ilikuwa juu ya kabati, imezimwa.

Nilijitambulisha. Alinikaribisha kiti na kunisikiliza hadi mwisho.

"Mimi niliona kwenye simu jina langu limeondolewa," alisema. "Nikajua wamenikataa. Nilikuwa nimechelewa mara mbili mwezi wa pili, nikasema wamechoka na mimi. Mtu akikukataa humpigii simu tena."

"Hakuna aliyekukataa, Mzee. Ni neno nililoandika mimi."

"Neno gani?"

Nikamwambia. Alilitamka mara mbili, akilipima. "Barabarani tungekuwa tumekufa wengi," alisema. "Kibao kimoja kinakwambia pita na kinakwambia simama."

Nilimwandikia tarehe mpya kwenye karatasi kwa kalamu nene, akanisomea ili nihakikishe. Nilipoaga alikuwa ameshawasha simu.

20 Mei

Skrini mpya. Swali: "Unataka kuacha kuja kliniki tarehe hii?" Chini, kitufe kipana: "Hapana, nitakuja". Chini yake kingine: "Ndiyo, sitakuja". Ukichagua cha pili, inakuonyesha ulichofanya kwa maneno kamili, inakupa siku mbili za kurudisha, na karani anapata taarifa akupigie. Rangi ni za Kijivu. Amepata kijani kizito kinachosomeka juani kuliko njano yangu. Maneno ni yangu, yeye ameyakagua moja moja na amekataa manne.

Tumeijaribu kwa watu kumi na wanne. Skrini zote tano. Nimeandika majibu ya kila mmoja, hata ya yule aliyesema haipendi.

24 Mei

Mvua imepungua. Matone tu.

28 Mei

Siku ya kuonyesha kazi. Wenzetu wameonyesha skrini zao nzuri. Sisi tulianza na ile mbaya, tukaiacha ukutani dakika nzima, mgeni mmoja akacheka kwa sababu naye alichagua "Ghairi". Kijivu ndiye aliyeeleza. Mimi nilisimama pembeni kubadilisha picha.

Mwalimu ametupa alama za kawaida. Mimi zangu amezipunguza kwa ajili ya jibu nililompa tarehe tisa Aprili, na ameniambia hivyo usoni. Kliniki wametaka tuendelee nao mwaka mzima, wote wawili.

3 Juni

Upasuaji umefanyika. Dakika arobaini. Mke wangu aliingia naye hadi mlangoni. Nje, alinikabidhi mkoba wa mama yake niushike. Ni mara ya kwanza tangu tarehe sita Mei kunipa kitu mkononi.

10 Juni

Jua. Tumekwenda kwa daktari, mimi na mama mkwe tu.

Presha ya jicho la kushoto imeshuka na imetulia. Daktari alimfunika jicho la kulia, akawa anasogeza kalamu polepole kutoka ukingoni. Mama alikuwa kimya muda mrefu kabla ya kusema "naiona". Kabla ya tarehe ishirini na tisa Aprili, kalamu ilionekana mapema zaidi. Daktari alinionyesha michoro miwili, ya Machi na ya leo. Kivuli kimeongezeka upande wa nje, upana wa vidole viwili kwenye karatasi. Alisema kilichobaki kitabaki akitumia matone. Hakusema lolote juu ya kilichokwenda, na mimi sikuuliza.

Ukumbini mama mkwe alisimama, akaliziba jicho la kulia kwa kiganja.

"Hebu simama hapo kushoto kwangu."

Nikasimama.

"Sikuoni. Sogea mbele."

Nikasogea hatua.

"Bado. Tena kidogo." Watu waliokuwa wameketi kwenye benchi walitutazama. "Hapohapo. Sasa nakuona nusu. Bega moja na sikio."

Nilibaki nimesimama palepale.

"Inatosha," alisema, akateremsha mkono. "Kwani mkwe huangaliwa mzima mzima?"

Alinipa mkoba. Tulishuka ngazi taratibu, mimi nikiwa upande wa kushoto.